Jumanne: Wazazi, Mtoto na Damu

Soma Yohana 9:1–7. Wanafunzi walimtafuta nani walipomwona yule kipofu? Yesu aliyaelekeza macho yao wapi?

Wanafunzi walimwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, na mara wakamtafuta mkosaji: ni yeye mwenyewe, au ni wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili. Kisha akafanya tope, akampaka machoni, akamtuma akanawe katika birika la Siloamu. Wao walitaka wa kulaumiwa; yeye alianza kazi.

Swali lile lingali linaulizwa. Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Baada ya miezi kadhaa vidole vya mikono na miguu vinavimba, macho yanakuwa ya manjano, naye analia usiku kucha. Jirani anasema amerogwa. Ndugu za mume wanasema damu ya mama ni mbaya. Kanisani wapo wanaonong'ona juu ya dhambi iliyofichwa. Mwishowe mama anarudishwa kwao, na mtoto mgongoni.

Mwanafunzi wa uuguzi anajifunza jambo ambalo minong'ono hiyo hailijui. Chembe nyekundu ya damu ni laini, nayo hujikunja na kupita katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Ndani yake mna himoglobini, inayobeba oksijeni. Katika ugonjwa wa selimundu, kiungo kimoja tu katika mnyororo wa himoglobini kimebadilika. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikamana, na chembe hupinda kama mundu na kuwa ngumu. Huziba mishipa midogo, na hapo huanza maumivu makali. Tena hufa mapema: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini chembe ya mundu siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo mtoto hupungukiwa damu. Bandama nayo huharibika, na vijidudu hupata nafasi. Miezi ya kwanza mtoto hulindwa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni. Ndiyo sababu ugonjwa huchelewa kuonekana.

Je, umetoka kwa nani? Kwa kawaida, kwa wazazi wote wawili. Mwenye jeni moja ya selimundu mara nyingi ni mzima, wala hajijui. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo amebeba nusu ya jambo lile mwilini mwake.

Wala si laana ya ukoo mmoja. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye jeni moja hukingwa kwa sehemu dhidi ya malaria. Kwa hiyo jeni hiyo imeenea mahali palipo na malaria nyingi, kama kandokando ya Ziwa Victoria.

Soma Kutoka 20:5 pamoja na Ezekieli 18:20. Matokeo ya dhambi iliyoingia ulimwenguni huwafikia watoto, lakini mwana hahesabiwi hatia ya baba yake. Wazazi hurithisha mwili dhaifu; hatia haipiti katika damu.

Basi kazi ipo. Mtoto ahudhurie kliniki, anywe maji mengi, akingwe na baridi, alale ndani ya chandarua, apate chanjo na dawa alizoandikiwa. Akipata homa, apelekwe hospitali siku iyo hiyo. Wachumba wapime damu kabla ya ndoa. Kanisa liombe, tena liombe kwa bidii. Lakini yule kipofu naye alitii, akaenda kunawa. Anayemwambia mama aache dawa ili aonyeshe imani anamzuia njiani kwenda Siloamu.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini ni rahisi zaidi kumtafuta mkosaji kuliko kumhudumia mgonjwa?

2. Katika kanisa lenu, ni mama yupi aliyeacha kuja ibadani kwa sababu ya maneno ya watu? Bila kutaja jina lake, darasa lipange nani atamtembelea juma hili, na ataenda na nini mkononi.