Hesabu ya Sayari na Uaminifu kwa Watoto

Mzazi amnunuliapo mwanawe kitabu cha nyota, hudhani amechagua kitu kisicho na hatari yoyote. Kitabu cha hadithi chaweza kuwa na mambo yasiyofaa, na gazeti laweza kupotosha. Lakini picha za jua, mwezi na sayari, pamoja na hesabu za kilomita na za miaka, zitamdhuru nani? Twawaomba wazazi watuvumilie leo tukisema kwamba hata kitabu cha namna hiyo kina deni la uaminifu kwa mtoto, na kwamba mara nyingi deni hilo halilipwi.

Vitabu vingi vilivyopigwa chapa kabla ya mwaka 2006 vyasema kuwa sayari zinazolizunguka jua ni 9, ya mwisho ikiwa Pluto. Vitabu hivyo vingali katika nyumba na makabati ya shule, hasa vile vilivyokuja kwa msaada baada ya kutumiwa na watoto wa nchi nyingine. Vipya vyasema 8. Basi mtoto aliyesoma 9 nyumbani, akasikia 8 darasani, atauliza ni nani aliyemdanganya, baba yake au mwalimu wake. Yatupasa kumjibu, wala si kumnyamazisha.

Pluto ilivumbuliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh, kijana wa miaka 24, huko Arizona katika Marekani. Jina lake lilitolewa na mtoto wa miaka 11, Venetia Burney wa Oxford, Uingereza. Jambo hilo watoto hulifurahia sana wakiambiwa. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kitu kingine, Eris, mbali kuliko Pluto na chenye uzito kuishinda. Ikawa hapana budi kuchagua: ama Eris nayo iitwe sayari, pamoja na nyingine ambazo zingefuata, ama Pluto iondolewe katika hesabu. Mwezi wa Agosti 2006, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulikutana Prague, ukapiga kura, Pluto ikaondolewa. Pluto yenyewe haikusogea hata hatua moja kwa ajili ya kura ile. Yaliyobadilika ni mafungu ambayo akili ya binadamu hupangia vitu vya mbinguni.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 1 Januari 1801, Padre Giuseppe Piazzi aliona huko Palermo kitu kidogo kati ya Mirihi na Mshtarii, kikaitwa Ceres, kikahesabiwa kuwa sayari. Wengine wakaona Pallas, Juno na Vesta, hata vitabu vya zama zile vikafundisha sayari 11. Baadaye vilionekana vidogo vingine vingi mno, vyote vinne vikashushwa cheo.

Je, waandishi wa vitabu vile walisema uongo? Hasha. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba mwongo ni yule mwenye neno moja moyoni na lingine mdomoni, akikusudia kudanganya. Aliyeandika 9 mwaka 1990 aliandika kama alivyojua. Lawama yetu ni kwa jambo jingine, nalo tunaliona kuwa zito zaidi.

Karibu kila kitabu cha watoto kina picha ya sayari zote zimepangwa kwa safu, zikikaribiana kama machungwa juu ya meza ya sokoni. Mchoraji ajua vema kwamba sivyo. Tukiifanya Dunia kuwa kama njugu mawe moja, yenye upana wa sentimeta 1, jua litakuwa na upana unaozidi meta 1 kidogo, nalo litakaa meta 117 kutoka hapo, zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira. Neptuni itakuwa mwendo wa kilomita 3 na nusu. Na nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua? Kilomita 31,000, yaani robo tatu ya safari ya kuizunguka Dunia yetu halisi! Hakuna ukurasa uwezao kuyabeba hayo, nasi hatumdai mchoraji asichoweza. Lakini sentensi moja chini ya picha, ya kusema kwamba nafasi hazikuchorwa kwa kipimo cha kweli, ingemgharimu nini? Anayejua kuwa picha yake itaaminiwa vibaya, naye akanyamaza, amekwisha kuusogelea mpaka ambao Augustino aliuonyesha. Vivyo hivyo na picha za chombo cha James Webb, kilichorushwa tarehe 25 Desemba 2021. Chombo hicho hupokea hasa mwanga usioonekana kwa macho yetu. Rangi zile hutiwa na watu kwa utaratibu wao. Utaratibu huo ni halali, lakini mtoto aambiwe.

Kwa upande wetu wa Kiswahili iko aibu nyingine. Zohali tangu kale ni jina la sayari yenye pete mashuhuri. Baadhi ya vitabu vya shule vya Tanzania vikaipa Uranus jina hilo, na sayari ya pete vikaiita Sarateni. Huko hakuna uvumbuzi mpya wala kura ya wataalamu.

Wapo wazazi wanaoogopa: mtoto akizoea kusikia kwamba vitabu hukosolewa, si ataidharau na katekisimu? Hofu hiyo twaielewa, lakini imeshika njia isiyo yake. Aliyefundishwa kwamba 9 ni neno la milele ndiye atakayeangukia dharau siku ile namba itakapogeuka, maana hakuonyeshwa kamwe tofauti kati ya kweli ya imani na hesabu ya vitu vilivyopimwa kwa darubini. Aliyeambiwa ni nani aliyepima, na kwa njia gani, hatayumba.

Kwa hiyo kitabu cha zamani kisitupwe. Mtoto apewe kalamu ya risasi, aandike pembeni mwa Pluto mwaka 2006 na sababu yake. Na hata kitabu kilichonunuliwa mwaka 2024 kitahitaji kalamu hiyo: Machi 2025 miezi 128 iliongezwa katika hesabu ya Zohali, ikawa 274.