Sisi Tuliosubiri Foleni



Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukinywa chai baada ya ibada, ndugu mmoja alisema: "Hao wanaovuka mpaka wa Mexico wasubiri foleni kama sisi." Wengi tuliitikia. Lakini katikati yetu walikuwepo wenye watoto na ndugu waliopita mpaka huo huo. Walinyamaza, wakaondoka mapema.

Ndugu yetu hakusema uongo. Wengi wetu tuliishi kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, miaka kumi na zaidi. Tulihojiwa tena na tena, tukachukuliwa alama za vidole, tukapigwa picha ya kifua kuangalia kifua kikuu. Nchi ina haki ya kujua ni nani anaingia. Hata sisi usiku tunafunga milango.

Ila tujiulize: je, kusubiri kwetu kunatupa haki ya kumdharau ambaye hakusubiri?

Kwanza, foleni tunayojivunia sasa imefungwa. Amri iliyotiwa saini tarehe 20 Januari 2025 ilisimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi, na waliopita tangu hapo ni wachache sana. Shangazi na binamu zetu wangali kambini. Tukimwambia mtu asubiri foleni, tumwonyeshe iko wapi.

Pili, sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunajua foleni ya namna nyingine. Kwenye chumba cha dharura hatuanzi na aliyefika kwanza, tunaanza na aliye hatarini zaidi. Mwenye mguu ulioteguka, aliyekaa saa nne, hukasirika akipitwa na mtu aliyeletwa akihema. Lakini hajaonewa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inataka kila anayefika pale kuomba msaada achunguzwe, awe na pesa au asiwe nazo. Kuchunguzwa si kulazwa. Wengine hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ila hatumrudishi mtu kabla ya kumsikiliza.

Mpaka nao unaweza kuwa hivyo. Uwe na mlango na walinzi, na wengine waambiwe hapana, lakini baada ya kusikilizwa.

Kuhusu ukuta, na kuhusu idadi ya watu wa kupokelewa, waumini tunaweza kutofautiana na bado tukashiriki meza moja ya Bwana. Kuhusu kumpenda mgeni, Walawi 19:34 haikutuachia nafasi ya kubishana. Sababu inayotolewa pale ni kwamba hata Israeli walikuwa wageni.

Sisi tulioitikia siku ile tunaomba msamaha. Jumapili hii chai itakuwepo tena. Tuchunge ndimi zetu, ili hata aliyekaa kimya pembeni aweze kumaliza kikombe chake.