Mteja Naye Aambiwe

Ukiitaja Lubao, watu hukumbuka mbwa. Soko hili la kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye limevuma kwa biashara hiyo. Wanaume hufika wakiwavuta mbwa kwa kamba, bei ikapigwa kama inavyopigwa ya ng'ombe na kuku. Kinachosahaulika ni kwamba umati wote huo lazima ule, na wanaoulisha ni wasichana wa hoteli za mabati waliofika gizani kuwasha jiko, kuteka maji na kukanda unga wa chapati.

Dalali ameuza, mfuko umejaa. Anaitisha ugali na matumbo. Msichana akiinama kuweka sahani, dalali anamshika mkono na hauachi. "Na wewe unauzwa ngapi?" Meza nzima inaangua kicheko, na msichana naye anacheka.

Kicheko hicho ndicho kitakachomhukumu baadaye. Si alicheka? Alicheka kwa sababu ujira wake hulipwa jioni, na mwenye hoteli yuko pale kwenye kaunta akiangalia ni mteja yupi anaondoka amenuna.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inakataza kumnyanyasa mfanyakazi kingono, iwe kwa maneno, kwa picha, kwa kumshika au kwa kumwekea masharti. Lakini inataja watu watatu tu: mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenzake. Mteja hayumo. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri awe na sera ya maandishi dhidi ya uovu huu, ila ni yule mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Ni hoteli gani ya sokoni yenye watu 20? Nyingi zina watatu, na wa tatu ni shemeji.

Hiyo haimaanishi kwamba mteja ameruhusiwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamhusu yeyote: kumgusa mtu mzima matiti au makalio bila ridhaa yake ni kosa, na adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Mswada wa sheria hiyo, ulioletwa na Njoki Ndung'u, mbunge wakati huo, ulipokuwa ukijadiliwa bungeni, mbunge mwenzake mmoja alidai kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana huwa anamaanisha ndiyo. Wabunge wanawake waliondoka ukumbini kwa hasira. Dalali wetu hajawahi kukanyaga bunge, lakini hoja yake ni ileile.

Tuseme ukweli, hata hivyo. Nani atapoteza ujira wa siku na nauli ya matatu kwenda kushtaki kwa sababu ya mkono ulioshikwa na neno moja chafu? Ndiyo maana swali letu tulilolizoea, "mbona hukusema?", linanikera. Tunamuuliza mtu mnyonge kuliko wote waliomo humo ndani. Aulizwe mwenye hoteli. Iulizwe meza iliyocheka.

Wala tusidhani sera ya maandishi pekee ingetosha. Februari 2023, BBC ilirusha uchunguzi wake kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, ambamo zaidi ya wanawake 70 walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Hayo hayakuwa mashamba ya vichochoroni. Yalikuwa yakiendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay, kampuni zenye ofisi, sera na watu wa kupokea malalamiko. Mwanamke mwenye watoto wa kulisha alijua tu kwamba anayempangia kazi ndiye anayemtaka.

Kinachoweza kufanyika nilikishuhudia siku moja ya soko. Mama mmoja muuza kuku, aliyekuwa akinywa chai pembeni, alimwambia mwanamume wa namna hiyo bila kupandisha sauti: "Baba, huyo mtoto amekuja kazi. Muachilie mkono."

"Mama, natania tu."

"Kama ni utani, nitanie mimi."

Watu walicheka, safari hii wakimcheka mwanamume huyo. Alilipa, akatoka. Hapakuwa na matusi wala polisi, na hoteli haikukosa wateja.

Wapo wanaouliza: je, mtu akisingiziwa? Asikilizwe, bila shaka, na anayelalamika asikilizwe vilevile. Wasiwasi huo usiwe kisingizio cha kutomsikiliza yeyote.

Nawasemesha wenye hoteli. Ukutani mwenu mmebandika kwamba mkopo ni kesho, na mzee mzima akiomba chakula cha deni mnamuonyesha maandishi hayo bila haya. Basi ongezeni mstari mmoja chini yake: anayewahudumia hashikwi. Siku dalali mnono atakapoudharau, mrudishieni pesa zake na mumuonyeshe mlango, wafanyakazi wote wakiona. Na wewe dada uliyefanyiwa zaidi ya kushikwa mkono, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, au piga 1195, nambari ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Simu hiyo hailipiwi.