Maziwa ya Jirani, Nambari ya Mama

Kijana tuliyekuwa tukifanya kazi naye alinipigia simu asubuhi kutoka Molo. "Bosi, kila badiliko langu liko mara mbili. Moja lina jina langu, lingine lina lako. Umefanya nini?"

Nilikuwa nyumbani Keringet, natumia bando na kuomba stima isipotee. Mteja wetu aliweka programu yake kwenye Subversion, mfumo wa kitambo wenye seva moja inayoyapa mabadiliko nambari: 1, 2, 3. Sisi tulitumia Git, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ambapo kila mtu ana nakala yake na kila badiliko lina alama ya herufi na tarakimu 40. Neno la siri la seva nilikuwa nalo mimi tu. Basi kila jioni nilichukua tawi la kijana na kulisukuma kwa amri ya git svn dcommit.

Amri hiyo huliandika badiliko upya upande wa pili, kwa jina la aliyeingia kwenye seva, halafu hulirudisha kwenye Git likiwa na alama mpya. Kijana alibaki na la zamani, mimi nikapata jipya, na Git haikujua kwamba ni kazi ileile. Kuna chaguo la kubeba jina la mwenye kazi ndani ya ujumbe. Nililiona kwenye maelezo, nikaliruka.

Dawa ilikuwa rahisi: atupe tawi lake, aanze upya juu ya lile lililotoka kwenye seva. Yaani nilimwambia atupe nakala pekee iliyokuwa na jina lake. Akatupa. Matawi yakalingana, tukafurahi.

Miezi michache baadaye mteja alipunguza watu. Alifungua rekodi za seva, akahesabu majina. Nikabaki mimi.

Mama yangu hupeleka maziwa, na jirani asiye na nambari ya uanachama hupitisha yake kwa nambari ya mama. Mwisho wa mwezi mama humpa hela zake zote, hakati hata shilingi. Lakini jirani alipoomba mkopo, akaulizwa rekodi. Hakuwa na hata lita moja. "Sasa mimi nimemwibia nini?" mama akaniuliza. Manze, nilinyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikijitetea: kijana nilimlipa.

Sidhani malipo yanatosha. Rekodi ndiyo inayomsemea mtu mahali ambapo hayupo, na kwenye ile ya seva kijana hakuwahi kuzaliwa.

Kurekebisha kuna utata wake. Kwenye Git, ukibadilisha jina la zamani, alama zote zinazofuata hubadilika na kila mtu anaona. Kwenye Subversion, msimamizi akiruhusu, jina linabadilishwa kimya kimya bila alama yoyote kubaki. Yaani ili rekodi iseme kweli, nifanye kilekile anachofanya mghushi. Rafiki mmoja anasema historia haiguswi, niandike tu maelezo mapya mbele. Lakini anayehesabu majina hasomi maelezo.

Nimeamua liguswe, ila hadharani. Nilimwandikia mteja nikiomba ruhusa, na orodha ya nambari zote za kijana, nakala kwake. Mteja alijibu kwa swali: kwa nini nataka kuchezea rekodi zake? Jibu langu nimeliandika na kulifuta mara tatu sasa.