Kengele ya Saa Kumi Alfajiri

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilimpangia mwanafunzi wa bweni nchini Kenya siku yake yote. Masomo ya darasani yaanze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri. Kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni michezo na vyama. Jioni apate nafasi ya kufanya yake, kisha arudi kudurusu kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku. Baada ya hapo ni kitanda mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ukipiga hesabu, ni saa nane na nusu za usingizi.

Sasa mtu na apite barabara ya Kericho kwenda Litein, au ile ya Sotik kwenda Bomet, saa kumi na nusu alfajiri. Ukungu haujainuka kwenye majani chai na mbwa wa walinzi wamejikunyata kwa baridi, lakini madirisha ya madarasa yanawaka taa. Ndani kuna vijana wa miaka 15 na 16 waliojifunga maleso na sweta mbilimbili, vitabu wazi mbele yao, vichwa vikipanda na kushuka.

Kila mwaka vijana hawa huletewa wageni wa kuwahimiza. Jipangeni, huambiwa, gaweni muda wenu vizuri kati ya vitabu na afya. Ni maneno mazuri, ila yanamwendea asiyehusika. Mwanafunzi wa bweni hana muda wa kugawa. Ana kengele, na si yeye anayeipiga. Atagawa nini, zile dakika za kuosha sahani?

Ni kweli kwamba wengine hujiumiza wenyewe. Kuna kile wanachokiita transnaiti, kusoma usiku kucha, na kila shule ina ngano zake za mkongwe fulani aliyeloweka miguu kwenye karai la maji baridi ili asisinzie, akapata A. Katika Kericho, mji ulio mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji ya usiku wa Julai si ya mchezo. Ngano hizo hazisemi wangapi waliloweka miguu na bado wakapata D.

Sayansi haijamwunga mkono mwenye karai. Mary Carskadon, mtafiti wa Marekani, alianza kuchunguza usingizi wa vijana katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1970, wengi wakiamini kwamba mtoto akikua huhitaji kulala kidogo zaidi. Alikuta sivyo: vijana walioachwa walale watakavyo walikaribia saa tisa au kuzipita. Utafiti uliofuata ulionyesha pia kwamba saa ya mwili hurudi nyuma wakati wa kubalehe, hivyo usingizi huchelewa kuja na huchelewa kuondoka. Zaidi ya hayo, ni katika usingizi ambapo ubongo hupanga na kuhifadhi ulichosoma mchana. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2019 kwamba shule nyingi za sekondari zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Huku kwetu mwanafunzi wa saa mbili na nusu asubuhi ameshakaa darasani saa nne.

Kuwalaumu walimu peke yao hakutoshi. Hofu inayopiga kengele hiyo ina mizizi kwenye shamba. Familia nyingi za huku, Konoin, Bureti na Belgut, zina vipande vidogo vya chai, ambavyo tayari vimegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa wana, na havigawanyiki tena vikaleta maana. Kazi za kuchuma kwenye mashamba makubwa ya kampuni, zilizolisha vizazi tangu miaka ya 1920, zinaliwa na mashine. Mei 2023 wakazi wa Kericho waliandamana na mashine za kuchumia majani zikachomwa moto. Bonasi ya chai nayo, ile ambayo mzazi huitegemea kwa karo, imekuwa kwa viwanda vingi vya huku chini sana kuliko wanayopata wakulima wa mashariki ya Bonde la Ufa. Kwa mzazi wa namna hiyo, alama za mtoto ndilo shamba lililobaki. Akisikia shule jirani huamka saa kumi, atataka ya kwake iamke saa tisa na nusu. Mwalimu mkuu naye anajua atapimwa kwa alama ya wastani, wala hakuna atakayemwuliza watoto walilala saa ngapi.

Kwa hiyo kinachokatwa kwanza ni kile kisichokuwa na alama. Saa ya michezo hugeuka kuwa marudio ya hesabu. Jumamosi hupata mtihani mdogo, Jumapili mchana hupata mwingine. Masomo ya ziada wakati wa likizo yalipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, lakini hubadilishwa jina na kuendelea.

Septemba 2025, Shule ya Upili ya Wavulana ya Litein ilivurugika usiku mmoja. Mali iliharibiwa vibaya, shule ikafungwa, na wazazi wakatakiwa kulipa zaidi ya shilingi 49,000 kwa kila mwanafunzi kabla ya kurudi, jambo lililofika Mahakama Kuu mjini Kericho. Habari za awali zilitaja hasira ya vijana walionyimwa kutazama mechi ya Arsenal na Manchester City. Watu wazima walishika vichwa: mpira tu? Hakuna wa kutetea kuvunja na kuchoma, na mkulima wa robo ekari hana pa kutolea fedha hizo. Hata hivyo swali la “mpira tu” lingefaa kuulizwa kwa makini zaidi ya lilivyoulizwa. Ukishafagia kila burudani nyingine katika juma, mechi moja ya Jumapili hupata uzito isiostahili.

Wa shule za kutwa hawana kengele ya bweni, lakini nao wana mwizi wao wa muda. Binti wa Mogogosiek huamka kuwasha moto na kukamua kabla hajavaa sare. Akirudi jioni kuna maji, kuna kupika, kuna wadogo wa kuosha miguu. Jumamosi kikapu kiko mgongoni, majani mawili na chipukizi, kisha foleni ya kupimia kwenye kituo huku karani akisoma kilo na lori la kiwanda likisubiriwa hadi giza. Kaka yake husaidia kuchuma, sawa, ila sufuria haimhusu. Vitabu vya binti hufunguliwa wengine wakikoroma. Ukitaka kujua kwa nini wazazi hung’ang’ania mabweni, sababu moja ndiyo hii.

Likizoni huingia simu, na hapo kweli kijana anajiibia muda mwenyewe.

Na si usingizi pekee unaowasumbua. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba karibu asilimia 44 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Katika darasa la wanafunzi 50 hao ni zaidi ya 20. Shuleni wa kuwasikiliza mara nyingi ni mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye pia anafundisha kemia, ana zamu ya wiki, na pengine ndiye aliyewachapa kwa maneno asubuhi ile kwa kusinzia. Ni vigumu kumfungulia moyo mtu huyo.

Tukirudi kwenye ile michezo inayokatwa, cha kushangaza ni kwamba huku ndiko alikotoka Wilson Kiprugut Chumo, mtu wa Kericho aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 jijini Tokyo mwaka 1964. Wazee wanamtaja kwa fahari kwenye hafla za shule, kisha ratiba ya michezo inasomwa na kufutwa mbele ya hadhira ileile.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wa mtaala mpya waliingia sekondari ya juu, wakiwa na mikondo mitatu ya kuchagua, mmojawapo ukiwa wa sanaa na sayansi ya michezo. Huenda kukimbia sasa kukaheshimiwa kwa kuwa kuna mtihani wake, sababu duni kidogo, lakini afadhali. Kengele ya saa kumi alfajiri, hata hivyo, haikuletwa na mtaala wowote na haitaondolewa na mtaala. Mwalimu mkuu anaweza kuisogeza kesho bila bajeti. Kigumu ni mkutano wa wazazi utakaofuata, kwa sababu wa kwanza kusimama atataka kujua shule jirani inaamka saa ngapi.