Nafsi ya Mhakiki Mbele ya Sanaa ya Maombolezo

Katika uhakiki wetu tumezoea kuandika "tunaona", "tunadai", "imebainika". Nafsi ya kwanza umoja huepukwa, kwa hoja kwamba mhakiki anayejitaja huacha kuihakiki kazi akaanza kujihakiki mwenyewe. Makala haya yanauliza: je, mhakiki Mwafrika aliyefiwa ana haki ya kuuingiza msiba wake katika uhakiki wa sanaa ya watu weusi, au kufanya hivyo ni kuipora sanaa hiyo?

Tuanze na kigango. Miongoni mwa Wamijikenda, hususan Wagiriama, kigango ni nguzo ya mti mgumu inayochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Hata kijiji kikihama, kigango hubaki pale pale. Hata hivyo, vigango vingi viliibwa na kuishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia nduguze. Muda si mrefu viliibwa. Baadaye vilitambuliwa huko Marekani kwa msaada wa picha ile, na mwaka 2007 kimojawapo kilirudishwa kwa jamaa zake.

Makumbusho yaweza kueleza pembetatu zilizochorwa, kichwa cha mviringo na aina ya mti, na maelezo hayo yote yakawa sahihi. Kinachokosekana ni habari kwamba kuna mtu aliyefariki na ndugu aliyemlilia. Kigango kilirudi kwa sababu aliyefiwa alionekana katika picha. Basi kuificha nafsi si sawa na kutopendelea.

Nina sababu ya kulisema hili. Baba yangu alikuwa mchongaji wa Wamunyu, hapa Machakos, katika ufundi ambao husimuliwa kwamba Mutisya Munge alirudi nao kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Alichonga twiga na swala wa kuuzwa kwa watalii, na hakuna hata mmoja aliyebeba jina lake. Alipofariki hatukuwa na kazi yake nyumbani, ila twiga mmoja asiye na miguu aliyeachwa karibu na tezo. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba vinyago hivyo ni bidhaa za kukaririwa, visivyo na hisia. Niliandika "tunaona". Kiambishi hicho cha wingi kilinisitiri: twiga wale ndio waliolipa karo yangu.

Yamkini msomaji atapinga kwamba huzuni si ushahidi. Nakubali. Machozi yangu hayamfanyi twiga yule kuwa kazi bora. Fauka ya hayo, iwapo mimi, Mkamba, nitasimama mbele ya kigango na kumlilia baba yangu, nitakuwa nimewageuza nduguze Mzee Mwakiru kuwa kioo cha kujitazamia. Weusi wa ngozi yangu haunipi kibali cha kuingia katika matanga ya watu wengine. Mwizi alikichukua kigango. Mhakiki wa namna hiyo huuchukua msiba wenyewe.

Kwa hiyo mpaka ninaoupendekeza ni huu: neno "mimi" linafaa pale linapokiri deni, wala halifai pale linapodai umiliki. Mbele ya vinyago vya Wamunyu sina budi kusema "baba yangu", kwa kuwa kunyamaza kumekwisha kuipotosha hukumu yangu. Mbele ya kigango ninaweza kukiri tu kwamba nami nimefiwa, kisha niwaulize wenyewe ni nani anayekumbukwa.

Twiga yule sasa yuko mezani pangu ofisini. Wanafunzi huniuliza kama ni kazi nzuri. Huwajibu kwamba katika hilo mimi si wa kuulizwa, kisha nikawaeleza sababu.