Amri Iliyodumu Kuliko Baba
Soma Yeremia 35:1–10, 18, 19. Kwa nini Warekabi walikataa divai waliyotengewa katika nyumba ya Bwana?

Yonadabu, baba yao aliyeikataza, aliishi siku za Yehu, zaidi ya miaka 200 kabla. Hakuwapo wa kuwachunga, lakini neno lake liliendelea kuwalea. Watoto wengi hunung’unika wakiamshwa alfajiri kwa ibada au wakikatazwa kutembea usiku. Wakikua, huona kwamba ukali ule ulikuwa ukuta wa kuwalinda. Kumshukuru mzazi mkali si kwa maneno tu. Ni kushika alichotufundisha wakati yeye hayupo na bakuli liko mbele yetu.

Ni katazo gani la wazazi wako unalomshukuru Mungu leo? Ikiwa wangali hai, je, umewaambia?